Habari za Mkunga Wilhelmina na Vyuma Saba vya Baiskeli

Sogeeni karibu, enyi wa Igombe na wa Kayenze, nanyi mnaovuka Kamanga mkiwa na kuku kwapani, nanyi wa Nansio mnaoitambua meli kwa mlio wake kabla hamjaiona. Tueni madumu yenu, punguzeni sauti za redio zenu, mpeni mtoto ziwa asilie, kwa maana ninalo jambo kubwa la kuwahadithia, ambalo serikali haikulitangaza wala gazeti halikuliandika, ingawa lilistahili yote mawili. Wako waliosimulia jinsi falme zilivyoanguka na majeshi yalivyovuka mito. Mimi nitawasimulia jinsi mwanamke mmoja alivyovitayarisha vyuma saba vya baiskeli yake akavipaka rangi ya kwanza, ile nyekundu ya udongo, ikaayo chini ya rangi zote na isiyosifiwa na mtu. Wala sisimulii ya kusikia. Nilikuwa mpangaji katika chumba cha uani cha nyumba yake, na dirisha langu lilitazama uwanja wa vita.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tatu, katika enzi ya ruksa, wakati maduka ya mjini Mwanza, ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na rafu tupu na foleni za sabuni, yalipofurika bidhaa za mataifa, hata mtu aliyeingia kununua msumari alitoka amechanganyikiwa kwa kuulizwa anataka msumari wa nchi gani.

Katika zama hizo aliishi Igombe, ukingoni mwa ziwa, Wilhelmina binti Ngosha, mkunga wa zahanati, Mwenye Mikono Safi, Mpokeaji wa Watoto Elfu Moja na Ushei, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia. Mumewe aliitwa Nkwabi. Huyu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambulia pamba mpaka kiwanda kilipopunguza watu, naye alirudi nyumbani na vitu viwili vya kumkumbusha kazi: kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilichopungua kipingili kimoja, kilichobaki ndani ya mashine, na ulimi usiojua likizo. Nkwabi aliongea akila, aliongea akinyoa ndevu, na mimi niliyepakana naye kwa ukuta mmoja naapa kwamba aliongea hata akipiga chafya. Mtoto wao wa pekee, Winnie, alikuwa chuoni Bukoba, kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile yalimwangukia Wilhelmina.

Na baiskeli? Baiskeli ilikuwa nyeusi, ya Kichina, nzito kama ndama. Kwenye keria yake ya nyuma Wilhelmina alifunga mkoba wa kuzalishia, akapita njia za mchanga na za tope mpaka kwa wanawake ambao uchungu uliwakuta mbali na zahanati. Sasa, mwaka mmoja kabla ya habari hizi, Nkwabi, kwa mapenzi tu na bila kuombwa, aliipaka baiskeli hiyo rangi ya bluu. Aliipaka kwa dakika ishirini. Aliipaka juu ya kutu, juu ya grisi, juu ya tope kavu la masika, na ukitazama vizuri chini ya kiti ungemwona sisimizi mmoja aliyepakwa akiwa safarini. Kwa miezi miwili iling'aa kiasi cha watu kusimama njiani kuitazama. Na chini ya bluu ile, gizani, kutu ilikaa ikila, taratibu, bila kusumbuliwa na yeyote.

Mwezi Machi wa mwaka huo wa tisini na tatu, asubuhi ya mvua, Wilhelmina akiwa njiani kwenda Kayenze, keria ilikatika. Ilikatika mahali ambapo rangi ilikuwa nzuri kuliko pote. Mkoba ulianguka, ukafunguka, na vifaa vyote alivyovichemsha kwa saa moja vikatawanyika katika maji ya barabarani. Alivikusanya akaenda kwa miguu. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, amepokelewa na bibi yake kwa wembe uliochemshwa kwenye birika la chai. Mama mzima, mtoto mzima, sifa kwa Mungu. Lakini yule bibi alimwangalia mkunga kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye viatu vilivyojaa tope, akasema kwa upole:

"Karibu uji, mkunga. Kazi tumeshamaliza."

Hakuna mkuki uliopata kuchomwa katika kifua cha shujaa yeyote ukaingia ndani kama uji ule.

Jioni ile, uani, Wilhelmina aliinama akaikwangua fremu ya baiskeli kwa ukucha. Rangi ikatoka pande kwa pande, kama ukoko wa ugali sufuriani. Nkwabi akasimama mlangoni akaanza kutetea.

"Mama Winnie, rangi za siku hizi ni za biashara. Wanachanganya maji. Ningepata ile rangi ya zamani, ile ya kiwandani, usingeyaona mambo haya."

"Si rangi, baba Winnie," akajibu Wilhelmina bila kuinua kichwa. "Ni chini ya rangi. Leo nimekuta mtoto ameshalia. Kesho nikikuta hajalia, nitamwambia mama yake nini? Kwamba baiskeli yangu ilipendeza?"

Nkwabi alifungua kinywa, akakifunga. Mimi dirishani niliandika tarehe.

Basi Wilhelmina akaomba likizo ya siku tatu, ya kwanza katika miaka sita. Akaipeleka baiskeli Buswelu kwa fundi Antoni, naye fundi akaifungua yote, akamchomea keria mpya ya chuma kitupu. Antoni akataka kumpulizia rangi hapo hapo amalize. Wilhelmina akakataa. Akarudi na vipande katika gunia: fremu, uma wa mbele, madigadi mbili za kukinga tope, stendi, kava ya cheni, na ile keria mpya. Vyuma saba. Kisha akavaa gauni la kanisani akaenda mjini, katika duka la rangi la Iqbal, ambalo babu yake Iqbal ndiye aliyelifungua, na ambalo ndani yake makopo yalipanda mpaka darini.

"Karibu, mama," akasema Iqbal, mikono imefunguka kama ya mfalme anayeonyesha hazina. "Nina bluu ya bahari, nina bluu ya anga, nina nyekundu, nina ya fedha, nina kijani ambayo juzi tu imeshuka. Wewe unataka ipi?"

"Nataka ile inayokaa chini."

Iqbal aliweka kikombe chake cha chai juu ya kaunta.

"Mama," akasema, "miaka kumi na tisa nimesimama hapa. Watu wote wananiuliza ya juu. Ya juu, ya juu! Mwingine anaweka rangi juu ya mavi ya ng'ombe, halafu anarudi kunigombeza. Keti, mama. Leo utakunywa chai."

Na mkunga akaketi, na muuza rangi akamfundisha. Akamwambia kwamba chuma lazima kikwanguliwe kwa brashi ya waya, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, mpaka kibaki uchi kama siku kilipozaliwa. Kwamba kikishakuwa uchi kifutwe kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi na mafuta, na kitambaa safi, na kitambaa kigeuzwe kila mara, ili uchafu ulioutoa hapa usije ukaupeleka pale. Na kwamba kuanzia hapo asikiguse binadamu kwa vidole vitupu, kwa sababu mkono, hata uliooshwa, una mafuta na una chumvi, na kutu inaufuata mkono.

"Kaka yangu," akasema Wilhelmina, "unayoniambia ndiyo tunayofanya kwenye chumba cha kuzalishia."

"Basi umeshafuzu, umebakiza kununua tu. Lakini sikiliza la mwisho. Praima, hiyo rangi ya chini, upake siku ile ile. Siku ile ile, mama! Wewe unakaa ziwani. Hewa ya ziwa haina subira."

Kulipopambazuka Jumanne, vita vikaanza. Wilhelmina alijifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, akaketi kwenye kigoda, akaiweka fremu kati ya magoti yake, na brashi ya waya ikalia. Ndugu zangu, sauti ile! Kuku walihama. Bluu ya Nkwabi ilianguka kwanza, kwa kuwa haikuwa imeshika kitu. Nyuma yake ikatoka nyeusi ya Wachina, ngumu, iliyopigana kila inchi. Na nyuma ya nyeusi, katika pembe na maungio, ndipo yalipokaa majeshi ya kutu yenyewe, kahawia, yamechimba mahandaki, hayana nia ya kuondoka. Mkunga hakuwapa masharti. Aliwafuata kwenye kila kona. Alikunja msasa ukawa mwembamba kama utambi akaupitisha mahali ambapo kidole hakifiki. Jasho lilimtoka, vumbi jekundu likamkaa kwenye nyusi, na kila alipomaliza chuma kimoja alikitundika kwa waya kwenye kamba ya nguo akachukua kingine.

Nkwabi aliketi kwenye kiti chake kibarazani akatangaza pambano kana kwamba redio imemtuma.

"Ameshika uma! Uma unakataa! Mama Winnie, upande wa kushoto bado kuna kidoa. Pale! Hapana, juu kidogo. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na—"

"Ungekuwa mimi," akasema Wilhelmina, "ungekuwa umenyamaza."

Saa kumi na mbili jioni vyuma saba vilikuwa vinaning'inia kwenye kamba, vyeupe, vinameremeta kama sato aliyetoka majini. Majirani walisimama ukingoni mwa ua kuvitazama. Na hapa mwandishi wa habari za kweli hana budi kusema kweli, hata ikimwuma. Kopo la praima lilikuwa pale, halijafunguliwa. Jua lilikuwa linazama. Mikono ya Wilhelmina ilikuwa imechoka hata kikombe kilimponyoka. Akakitazama kile kikosi chake kinavyong'aa, kiburi kidogo kikamwingia, akasema maneno ambayo majemadari wengi wamepata kuyasema kabla ya kushindwa:

"Ni usiku mmoja tu."

Asubuhi alitoka na brashi mkononi, akasimama. Kamba ilikuwa na vyuma saba, lakini si vile vya jana. Umande wa ziwa ulikuwa umepita, na juu ya kila chuma palikuwa na ukungu wa rangi ya chungwa, mwembamba, laini, kama poda aliyojipaka mtu. Na juu ya madigadi ya mbele palikuwa na jambo baya zaidi. Palikuwa na kiganja. Kiganja kizima cha mtu, kimechorwa kwa kutu ya kahawia iliyokolea, kidole gumba, cha kati, cha pete, cha mwisho, vyote vimetimia. Na cha shahada kifupi, kimekatika kwenye kipingili.

Kesi haikuhitaji wakili.

"Baba Winnie!" akaita Wilhelmina. "Njoo uone picha yako."

Nkwabi akaja na mswaki mdomoni. Akaitazama madigadi. Akautazama mkono wake. Akauficha mgongoni, jambo ambalo halikumsaidia.

"Nilipita tu jana jioni," akasema, "ulipoingia kuoga. Sikuishika. Niliigusa."

"Kwa nini?"

Na Nkwabi, ambaye nilimsikia akitoa hotuba ya nusu saa kuhusu bei ya viberiti, safari hii alipunguza sauti. Akasema:

"Niliona inang'aa. Nilitaka kujua kama ni ile ile. Mimi nilidhani imeshakufa, mama Winnie, ndiyo maana niliifunika. Sikujua kwamba chuma kinaweza kurudi hivyo."

Nilimwona Wilhelmina akifuta uso kwa nyuma ya kiganja. Kisha akaingia ndani, akatoka na glavu mbili kuukuu za zahanati, zilizokwisha kutoboka kwa kuchemshwa, zilizokuwa zitupwe.

"Kosa la usiku ni langu," akasema. "Niliambiwa siku ile ile, nikajifanya najua. La kiganja ni lako. Vaa hizi. Tunaanza upya."

Ndipo jeshi la mtu mmoja likawa jeshi la wawili. Nkwabi aliinua mikono yake iliyovaa glavu, ncha ya kidole kimoja cha mpira ikining'inia tupu, akasimama kama daktari bingwa anayesubiri mgonjwa. Kutu ile changa haikuwa na mizizi. Msasa laini uliifagia. Yeye akisugua, mkewe akifuta kwa tina nyuma yake, kitambaa kikigeuzwa na kugeuzwa mpaka kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Safari hii hakuna aliyesubiri. Saa tatu na nusu kopo likafunguliwa, likakorogwa kwa kijiti mpaka chini, na Wilhelmina akachovya brashi, akaikung'uta, akaipitisha juu ya fremu kwa mkono mwepesi kabisa.

"Nyembamba," akasema. "Unaona? Isitiririke. Chuma kivae shati, kisivae blanketi."

Fremu ikavaa. Uma ukavaa. Madigadi mbili zikavaa, na kiganja kilichokuwa pale kikabaki habari tu. Vilibaki vitatu, keria, stendi na kava ya cheni, vikiwa uchi, vimefutwa tayari, vinangoja. Na hapo ndipo kengele ya baiskeli ilipolia njiani, na kijana mwenye shati lililolowa jasho akashuka kabla baiskeli haijasimama.

"Mayu!" akaita, kama Wasukuma wamwitavyo mama wanayemheshimu. "Shikamoo. Mimi ni Josephat, wa Kayenze. Mke wangu Odeta ameanza, tangu alfajiri. Najua uko likizo, mayu, lakini…"

"Marahaba. Mtoto hana likizo," akasema Wilhelmina. "Wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Basi hatangoja."

Aliosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya kipande, kisha kwa sabuni tena, mpaka praima ikatoka hata chini ya kucha. Akachukua mkoba. Akavitazama vyuma vitatu vilivyo uchi, akalitazama ziwa linalopumua unyevu wake upande wa pili wa nyumba, akamgeukia mumewe. Hotuba aliyoitoa wakati ule naikumbuka neno kwa neno.

"Baba Winnie. Vyuma hivi haviwezi kulala hivi mara ya pili, wala mimi sijui nitarudi saa ngapi. Brashi hii hapa. Usitie nyingi. Usiguse kwa mkono. Asipite kuku, asipite mbuzi, asipite mtu. Na hivi nilivyopaka mimi havijakauka, chochote kitakachovigusa kitabaki hapo milele. Umenisikia?"

"Mama Winnie," akajibu Nkwabi, glavu kifuani, "nenda kwa amani. Mimi nimepima pamba ya wilaya nzima kwa miaka ishirini na mbili, na gramu moja haikunipita. Jua likidondoka, nitalidaka. Nchi ikipasuka, nitasimama katikati ya—"

Lakini Wilhelmina alikuwa amekwisha kupanda. Yeye aliyekuwa dereva wa baiskeli siku zote aliketi nyuma kwenye keria ya Josephat, mkoba mapajani, wakatokomea.

Na Nkwabi akapaka. Nilimtazama, na ninawaambia sikumtambua. Ulimi wake alikuwa ameutoa nje kidogo, pembeni mwa mdomo, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anayeandika jina lake. Alipaka keria fito kwa fito. Alipaka stendi. Kava ya cheni aliipaka, akaizunguka, akaona mahali palipokusanya tone, akalitoa kwa ncha ya brashi. Saa saba na nusu vyuma vyote saba vilikuwa vyekundu, vinameremeta kwa ubichi. Nkwabi akarudi nyuma hatua tatu, akavuta pumzi ili ajipe pongezi za kutosha, na hapo akatazama ziwani.

Juu ya maji palikuwa pamesimama moshi. Nguzo tatu za moshi mweusi, ndefu kufika mawinguni, zinazunguka taratibu, zinakuja. Mwenyeji wa pwani hii hahitaji kuambiwa. Ni wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wasiouma wala wasio na ubaya wowote, ila tu huja kwa mamilioni, na kila kilicho kibichi hugeuka kaburi lao.

"Mungu wangu," akasema Nkwabi. Na hayo, wasikilizaji wangu, ndiyo maneno yake ya mwisho kwa muda mrefu.

Kuvibeba ndani asingeweza, maana angevigusa. Kuwasha moto asingeweza, maana moshi ungevichafua. Alikimbilia chumbani akatoka na chandarua cha kitanda chao, cha pembe nne, chenye kamba kila pembe, akakitupia juu ya kamba ya nguo kama hema. Pembe ya kwanza akaivuta akaifunga kwenye msumari wa dirisha langu. Ya pili akaifunga kwenye mpapai. Ya tatu kwenye nguzo ya jiko. Ya nne haikuwa na mti, haikuwa na ukuta, haikuwa na chochote; na chandarua kikalegea upande huo, kikayumba, kikaanza kushuka juu ya fremu mbichi. Nkwabi akaikamata ile pembe ya nne, akaivuta, akainua mkono wake juu kadiri ulivyofika. Akawa mti.

Na wadudu wakafika. Mchana ukawa kijivu. Mimi, nasema bila aibu, nilifunga dirisha. Kupitia kioo nilimwona Nkwabi amesimama katikati ya lile wingu, wamemjaa kwenye nywele, masikioni, kwenye nyusi, kope zake amezibana na midomo yake ameifunga, kwa kuwa mtu anayefungua kinywa katika wingu lile anakula. Neno moja lingekuwa kijiko kizima. Naye Nkwabi, Ulimi Usio na Likizo, hakusema kitu. Mkono wa kulia ulipochoka, ulipokewa na wa kushoto. Robo saa ikapita, kisha nusu saa.

Ndipo alipopita Suzana, binti wa jirani, ndoo mkononi, khanga imemzunguka kichwa mpaka machoni, mwenye adabu kuliko mabinti wote wa mtaa ule.

"Shikamoo, baba," akasema.

Kimya.

Suzana akasimama. Tangu azaliwe hakuwahi kumpita mzee Nkwabi bila kupewa marahaba, habari za shuleni za mwaka wa sitini na mbili, na maoni juu ya mvua.

"Baba, shikamoo!"

"Mmm," akajibu Nkwabi puani, macho ameyabana, mkono mmoja juu, haujongei.

Suzana alivitazama vile vyuma vyekundu ndani ya chandarua cha ndoa. Akazitazama glavu. Akatua ndoo chini, polepole, kisha akakimbia. Alikimbia njia ya Kayenze, na mbele kidogo, Mungu akipanga, akakutana na Josephat anarudi na mkunga nyuma.

"Mama!" akalia Suzana. "Baba hasemi! Nimemwamkia mara mbili hajaitikia! Mdomo umefungwa, na mkono mmoja umekakamaa juu!"

Wilhelmina alikuwa ameona mambo mengi katika miaka thelathini ya kazi, na dalili hizo alizijua kwa jina.

"Kiharusi," akasema. "Josephat, kaza miguu."

Josephat, mwenye binti mchanga wa saa mbili, alikuwa na nguvu za watu kumi. Waliingia uani kama gari la zimamoto. Wilhelmina akaruka kabla ya breki, akamfikia mumewe, akamshika mshipa wa shingo, akamfungua jicho kwa kidole gumba.

"Baba Winnie! Unanisikia? Inua mkono mwingine. Tabasamu nione. Nkwabi!"

Nkwabi akatikisa kichwa kwa nguvu. Akaonyesha kwa kidevu. Wilhelmina akageuka, na kwa mara ya kwanza akakiona chandarua, akaziona kamba tatu na mkono ulioziba nafasi ya kamba ya nne, akaviona vyuma saba vimening'inia ndani, vimetulia, vyekundu, hakuna kilichovigusa. Akaelewa. Akasimama kando yake, akaushika kwenye kiwiko ule mkono uliochoka, akausaidia kukaa juu. Wakakaa hivyo, wote wawili, vinywa vimefungwa, Josephat na Suzana wakiwatazama, mpaka upepo wa nchi kavu ulipoamka, ukalivunja wingu, ukalirudisha ziwani kwake.

Nkwabi akatema mate mara tatu. Akajifuta midomo. Akamgeukia Suzana.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Wilhelmina aliingia chini ya chandarua, akavipitia vyuma kimoja kimoja kama anavyowapitia watoto wodini. Kwenye stendi walikuwa wamenasa wadudu watatu. Watatu, kati ya mamilioni! Kwingine kote praima ilikuwa imekauka, imelala sawa, imefifia vizuri kama udongo wa chungu kipya. Akachagua mahali pa siri, chini ya fremu, akaikwangua kwa ukucha kwa nguvu zake zote. Ukucha ukavunjika. Praima ikabaki.

"Na Odeta?" akauliza Nkwabi kutoka nje.

"Msichana. Mikono yangu ilifika kabla ya kichwa chake." Akatoka, akakung'uta khanga, akachukua brashi kwenye kopo la tina, akaikamua kwa kitambaa. "Iqbal alisema zipakwe mbili, nyembamba. Ya kwanza nimeianza mimi, umeimaliza wewe."

"Na ya pili?"

Akamkabidhi brashi.

"Ya pili ni yako yote."

Mzee Nkwabi akaishika brashi ile kwa mikono miwili, na ninaapa kwa ukuta uliotutenganisha kwamba nafasi ya kusema ilikuwepo na hakuitumia. Basi na ijulikane kwa vizazi vyote vya Ilemela na visiwa vyake kwamba siku hiyo ya Jumatano, saa tisa na robo alasiri, katika ua mmoja wa Igombe, keria moja, uma mmoja, fremu, stendi, kava ya cheni na madigadi mbili vilisimama mbele ya dunia bila kutu, bila grisi na bila alama ya kidole. Meli haikupiga honi kwa heshima, wala bendera haikupandishwa. Lakini Josephat alivua kofia, mimi nilifungua dirisha nikapiga makofi, na Suzana akaweka kiganja mdomoni akapiga kigelegele, kirefu, kile cha harusi hasa, mpaka majirani wakatoka mbio kuuliza nani ameolewa. Wakaonyeshwa baiskeli iliyofunguliwa vipande, ambayo bado haikuwa na rangi ya juu.